Bima ya safari: ya kadi, ya safari moja au ya mwaka mzima?

Msafiri_Mpole
Wakuu, nina safari ya siku 12, Ufaransa halafu Italia, na ubalozi unataka bima. Nina njia tatu: bima inayokuja na kadi ya benki, ya safari moja, na ya mwaka mzima. Hii ya mwaka imenivutia, kiwango chake cha matibabu kinazipita zote. Kuna mtego nisiouona?

Bi_Tiketi
Anza na viza. Kanuni za Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja, Ufaransa na Italia zikiwemo, zinataka kinga isiyopungua euro 30,000, itambulike nchi zote za Schengen kwa siku zote utakazokaa, na igharamie matibabu ya dharura, kulazwa, na kurudishwa nyumbani ukiugua au ukifariki. Bima ya kadi huwa inakwama hapa, maana si kila benki itakupa cheti chenye jina lako na tarehe zako. Na nyingi hazianzi kazi mpaka tiketi uwe umeilipia kwa kadi hiyohiyo.

Mzee_wa_Mabegi
Mimi nimelizwa na begi. Kiwango cha mizigo kilikuwa kinono, nikasaini bila kufungua kurasa za nyuma. Begi likapotea na kamera ndani. Kumbe kulikuwa na kikomo cha kila kitu kimoja, vifaa vya umeme navyo vina kikomo chao, halafu wanakata ekses, yaani kile kiasi unachobeba mwenyewe. Nilichobaki nacho hakinunui hata lenzi!
Usitoke uwanja wa ndege bila ripoti ya kaunta ya mizigo, bima wataidai. Shirika la ndege nalo lidai kwa maandishi: Mkataba wa Montreal wa 1999 unakupa siku 7 begi likiharibika, na 21 tangu ulipolipokea kama lilichelewa.

Nesi_Njiani
Mzee, pole, ila begi halimfilisi mtu. Kitanda cha hospitali ugenini ndicho kinachofilisi. Ndugu Mpole, tafuta kipengele cha maradhi uliyokuwa nayo kabla ya kukata bima. Presha, kisukari, pumu, vyote vimo humo. Na usidhani ni ugonjwa mpya tu unaohesabiwa. Nilimhudumia mama aliyebadilishiwa dozi ya presha wiki chache kabla ya safari, akaona si jambo la kuandika kwenye fomu. Alipolazwa, wakaomba faili lake la kliniki, wakaikuta ile dozi. Madai yakakataliwa.
Jingine ni namba ya dharura. Hati nyingi zinataka wapigiwe kabla hujalazwa, isipokuwa roho iko hatarini. Ukihitaji kuhamishwa kwa ndege, wao na madaktari wao ndio huamua uende wapi, na mara nyingi ni hospitali ya karibu inayokuweza, si nyumbani.

Kijana_wa_Skuta
Kama utakodi pikipiki, soma mara mbili. Bila leseni ya daraja lake na kofia ngumu, usitegemee kulipwa.

Msafiri_Mpole
Asanteni. Na nikighairi safari?

Bi_Tiketi
Wanalipa kwa sababu zilizoandikwa tu. Kubadili mawazo si mojawapo. Mwaka 2010 majivu ya volkano ya Iceland yalipofunga anga la Ulaya, kuna abiria walioambiwa majivu si "hali mbaya ya hewa". Na aliyenunua bima baada ya janga kutangazwa hana chake.
Kuhusu ya mwaka: ina kikomo cha siku kwa kila safari, kwa mfano 30 au 45. Kwa siku zako 12 hakikugusi, lakini kama husafiri tena mwaka huu unalipia hewa.

Msafiri_Mpole
Nimefungua ile ya mwaka, nikaenda moja kwa moja kwenye mambo wasiyolipia. Pumu yangu imo, mstari wa tatu! Ya safari moja wanaikubali ukijaza fomu ya afya na kuongeza kidogo. Nimejaza, hadi inhela nimeitaja. Cheti kianze siku ya kutua au ya kuondoka?

Bi_Tiketi
Ya kuondoka. Na mwisho ongeza siku mbili tatu, ndege ya kurudi ikiahirishwa usije ukalala uwanjani huna bima.