Jarida letu la macho: tovuti yetu wenyewe, AJOL au PubMed Central?

Mwana Katuba
Jamboni wakubwa na wadogo. Sisi watu wa macho hapa Lubumbashi tuna jarida dogo la karatasi, linatoka mara mbili kwa mwaka. Nakala zinaishia kabatini kwa wakuu wa idara. Muuguzi wa Kasumbalesa anayepokea wazee wenye mtoto wa jicho kila wiki hajawahi kuliona. Tunataka kulipeleka mtandaoni, na tumebaki na njia tatu: tovuti yetu kwa OJS (programu ya kuendesha jarida mtandaoni), kujiunga na AJOL (tovuti inayokusanya majarida ya Afrika), au kupigania PubMed Central (hazina ya Marekani ya makala za tiba) moja kwa moja. Mngechagua ipi?

Fundi wa Kampemba
OJS yenyewe ni bure, kazi ya Public Knowledge Project ya Kanada, na majarida maelfu yanaitumia. Kinacholipiwa ni seva, jina la tovuti na mtu wa kuitunza. Niliwahi kulisimamisha jarida moja la mji huu. Aliyeshika nywila akapata kazi migodini Kolwezi, jina la tovuti likasahauliwa kulipiwa, wakalichukua watu wa kamari. Hadi leo ukifuata kiungo cha makala ya upasuaji unaangukia kwenye mechi za mpira.

Mtu wa Maktaba
😂 Pole fundi.
AJOL iko Makhanda, Afrika Kusini. Ilianza 1998 na haifanyi kazi kwa faida. Jarida linabaki lenu, ila linakaa mahali ambapo wanaotafuta utafiti wa Afrika wanapita tayari. PubMed Central msiianzie. Wanadai jarida liwe limeshatoa makala zisizopungua 25 zilizopitiwa na wataalamu, tena katika faili za XML, yaani maandishi yenye alama za kusomwa na kompyuta, PDF peke yake haitoshi. Toleo lenu moja lina makala ngapi?

Mwana Katuba
Nne. Mara nyingine tatu, na moja huwa ya mhariri wetu mwenyewe.

Mtu wa Maktaba
Hapo ndipo penye kazi! Ombeni kwanza DOAJ, orodha ya majarida yanayosomwa bure mtandaoni, maombi ni bure. Wanataka angalau makala 5 za utafiti kwa mwaka, mtapita kwa kubanana. Lakini makala za wahariri, wajumbe wa bodi na wapitiaji zisizidi asilimia 25 ya toleo. Moja kati ya tatu imeshavuka.

Mama wa Kipushi
Miye ni muuguzi, minasoma byote mwenye munaandika na hakuna mwenye ananifikiria. PDF ya mega makumi mbili haifunguke mu telefone yangu, na mega iko bei. Mutupatie makala yenye kufunguka mbio, na mu kifransa. Kingereza batu ba huku hatuyue.

Dokta Mstaafu
Huyu mama ndiye msomaji wenu, msikilizeni. Liko jarida la macho la London, Community Eye Health Journal, lililoanza 1988. Makala zake ni fupi, zina picha, zimeandikwa kwa mtu mwenye mgonjwa mbele yake, na hulipi kulisoma. Kisha likapata toleo la Kifaransa. Hivyo ndivyo lilivyofika mbali. Mimi ningeenda AJOL, na kila makala niipe namba ya DOI, kitambulisho chake cha kudumu mtandaoni, ili hata tovuti ikihama kiungo kirekebishwe, yasiwakute ya fundi. Tangu 2023 Crossref, shirika linalosajili DOI, inazisamehe ada nchi zenye uwezo mdogo, na Kongo yetu imo.

Fundi wa Kampemba
Mzee, DOI haijirekebishi. Lazima mtu aingie abadilishe anwani. Nywila washike watu wawili, na mmoja asiwe anatafuta kazi Kolwezi.

Mwana Katuba
Sawa wakubwa, AJOL na DOI. Mama, toleo lijalo nitakutumia kwanza wewe ulijaribu kwenye simu yako. Mhariri nimemweleza ile asilimia 25. Amenuna, lakini nimemwona anahesabu.