Tumemlipa mtafiti wa nasaba dola 650, kamfuta bibi yetu na kutupachikia kapteni wa Kihispania

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, ila mi leo nisipoandika ntapasuka.

Mimi Mtanzania, niko Texas mwaka wa 11 sasa, mume wangu Mmexico, kwao asili ni Saltillo kule kaskazini. Mama mkwe ana miaka 74 na toka nimeingia kwenye ile familia hamu yake ni moja, ajue bibi zake upande wa mama walitokea wapi kabla Mungu hajamwita. Mwaka jana tukachanga na mawifi, tukamlipa mtafiti mmoja wa onlaini dola 650. Simtaji jina, na wala sitaki mnitajie wa kwenu.

Akaleta faili limepambwa kama kadi ya harusi. Kwamba bibi wa zamani kabisa kwenye ule mstari, María, kabatizwa Saltillo 1781, binti wa kapteni fulani na mkewe wa ndoa, wote "españoles", yaani Wahispania, na kutoka kwa kapteni mstari unaruka moja kwa moja mpaka Hispania. Na nembo ya ukoo juu, simba na ngome. Mama mkwe alilia machozi, nembo akaipeleka ikatiwe fremu, akaitundika sebuleni juu ya tivii.

Sasa mimi kazi yangu ni mahesabu ya duka, nimezoea kudai risiti. Nikamuuliza jamaa, hii umeitoa kitabu gani, ukurasa gani? Akanijibu "imethibitishwa na miti mingine 40", yaani miti ya ukoo ambayo watu wengine wameiweka mtandaoni. Miti 40! Yaani watu 40 wamebofya kitufe kile kile na kunakili kosa lile lile, afu ndo unaniambia ushahidi?

Nikaingia mwenyewe. Vitabu vya parokia za Mexico vingi vilipigwa picha zamani na kanisa la Wamormoni wa Utah, ukifungua akaunti unaviona bure, hulipi hata senti. Nimekesha miezi minne. Wino wa ukurasa wa nyuma umepenya mpaka mbele, wadudu wametoboa tundu katikati ya majina, padre anafupisha maneno kama anaandika meseji, na pembeni kabisa kuna jina la mtoto na chini yake ameshapangiwa tabaka lake, española (Mhispania), mestiza (chotara wa Mhispania na mwenyeji), mulata (chotara wa mweusi na mzungu), india (mwenyeji wa asili). Mtoto ana siku tatu duniani na tayari ana kisanduku chake. Sehemu nyingi kulikuwa na vitabu viwili kabisa, cha Wahispania na cha hao wengine walioitwa castas, watoto wamebatizwa kwenye bakuli moja ila wameandikwa daftari tofauti.

Nikaanza na ndoa, kwa sababu nasaba unaisoma kwa kurudi nyuma, huanzi kwa babu unayemtamani ukashuka. Ndoa ya María ipo, 1800, na imeandikwa wazi, "hija natural", binti wa nje ya ndoa, mama yake katajwa jina, "mulata libre", chotara huru, tayari marehemu. Nikarudi kwenye ubatizo, kitabu cha castas, 1781, mama ni yule yule jina lile lile, na baba? "Padre no conocido". Baba hajulikani. Ndo hivyo, mistari minane tu na sahihi ya padre.

Huyu jamaa hakufungua kitabu cha castas kabisa. Alifungua cha Wahispania, akamkuta María mwingine wa mwaka ule ule, mwenye jina la ukoo lile lile, akashangilia. Na nusu ya wasichana wa enzi zile waliitwa María jamani! Nikaenda kitabu cha maziko, haikunichukua hata wiki. María wa kapteni kazikwa ana miezi saba, "párvula", mtoto mchanga. Yaani katupa ukoo wa mtoto aliyekufa hata hajaota meno vizuri, eti ndo akaja kuolewa 1800.

Nikamtumia picha zote tatu. Mnajua alijibu nini? Hakuomba radhi. Alisema basi huyo María wa pili lazima kapteni alimzaa nje, si mnaona jina la ukoo ni moja.

Hapo ndo nilipowaka kwelikweli.

Kwanza jina la ukoo enzi za Wahispania halikuwa kama letu la leo. Ndugu wa tumbo moja mmoja alibeba la baba, mwingine la mama, mwingine la bibi. Na watumwa na waliokuja kuachwa huru wengi walibeba jina la nyumba iliyowamiliki. Huyo mama kuitwa kama kapteni kunaweza kumaanisha tu kwamba yeye au mama yake alikuwa mali ya nyumba ile. Kwamba alilala na kapteni hilo ni la kwako wewe, kitabu hakijasema.

Pili neno lenyewe. Kwa sheria za Toro za 1505, sheria za Hispania, "hijo natural" ni mtoto ambaye wazazi wake wangeweza kuoana, hakuna kizuizi kati yao. Mtoto wa mwanaume mwenye mke, au wa padre, au wa ndugu kwa ndugu, hao walikuwa na majina yao mengine mabaya zaidi. Na kapteni 1781 ana mke, yupo hai, anazaa naye mwaka huo huo! Sasa iweje? Najua mapadre wengi hawakuwa wanasheria na walimwandika "natural" kila mtoto wa nje, sawa, nakubali. Lakini hiyo ni sababu ya kuacha nafasi ya baba wazi, sio ya kumkaribisha kapteni akae.

Tatu akaleta DNA, kwamba mume wangu kalingana na wajukuu wa kapteni. Kaka yangu, Saltillo imeanzishwa 1577, Monterrey jirani yake 1596, familia chache mbali na kila kitu, zikaoana miaka mia mbili mpaka mafaili ya kuomba ruhusa ya kuoa ndugu yamejaa kwenye parokia. Mume wangu kwa upande wa BABA yake anaingia kwenye ukoo wa kapteni kwa njia tatu ninazozijua mimi tu ambaye sio mtaalamu. Damu imelingana ndio, ila sio kupitia kwa María.

Kipimo cha maana kilikuwa kile cha upande wa mama, kinachopita kwa mama kwenda kwa binti bila kukatika, na mstari huu kutoka mama mkwe mpaka kwa María ni wanawake watupu. Tukampima bi mkubwa. Limetoka kundi la vinasaba L, lile lenye asili Afrika. Na mke wa kapteni, kwa vitabu vyao wenyewe, bibi zake wote ni kutoka Hispania.

Mnaelewa kinachoniuma? Pesa inauma lakini hela hutafutwa. Kwenye vile vitabu vyote mtu mmoja tu ndo kasimama na María. Kambeba, kamzaa, kampeleka kanisani akaandikwa kwa jina lake bila mume, huyo huyo ndo alifutwa. Mweusi, huru, peke yake na mtoto. Akawekwa mama wa kambo wa kuokota kwa sababu ana cheo na nembo. Kwetu wanasema kitanda hakizai haramu, na mi wanangu wawili ni wajukuu wa huyo mama, wana Afrika pande zote, Afrika ya kwangu na Afrika ya baba yao ambayo hakuna aliyemwambia. 1822 Mexico huru wakapiga marufuku kuandika tabaka kwenye vitabu, jambo jema, ila watoto wa María waliozaliwa baada ya hapo hawana neno lolote pembeni ya majina yao, na hapo ndo familia ilipoanza kusahau kwa raha zake.

Na msiniambie "mambo ya zamani hayana uhakika, acha tu". Uhakika upo pale ulipo na haupo pale usipo. Mtakatifu Martin de Porres, ambaye wengi hapa tumemkuta kwenye sanamu za parokia zetu, kabatizwa Lima, Peru, 1579 na kitabu kinasema baba hajulikani, mama Ana Velázquez, mweusi aliyeachwa huru. Baba tunamjua leo kwa sababu alikuja kuwatambua watoto mwenyewe, sio kwa sababu kuna mtu alibuni. Bernardo O'Higgins, aliyeongoza kupigania uhuru wa Chile, yeye ni kinyume kabisa, kabatizwa Talca 1783 ana miaka minne, baba katajwa na vyeo vyake vyote, mama ndo kafichwa, bibi wa heshima ambaye hajaolewa na jina lake halijaandikwa ili kumlindia heshima. Bibi wa heshima anasitiriwa na padre, mulata wa Saltillo anaandikwa peupe, halafu miaka 240 baadaye anakuja mtu na laptop anamfuta!

Kwa hiyo naomba, nyie mnaouza hii huduma na nyie mnaonakili miti ya watu. Kama kitabu kimesema hajulikani, andika HAJULIKANI. Halafu ndo utafute, kwenye mafaili ya uchunguzi wa ndoa, kwenye wosia ambako wanaume wengi walikiri watoto wakiona kifo kinakuja, kwa wasimamizi wa ubatizo, angalia nani alisimama na huyo mtoto na ametoka nyumba ya nani. Ukikosa, umekosa.

Hela hajarudisha na kaniblock. Miti 40 iko pale pale, nimewaandikia watu 40 mmoja mmoja, wamejibu sita na wanne wamerekebisha.

Mama mkwe nilimweleza Jumapili baada ya misa, mkono ukinitetemeka. Alinyamaza muda mrefu, afu akauliza, "huyo mama jina lake nani?" Nikamwambia. Akaomba kalamu akaliandika kwenye kile kikaratasi anachowekea rozari, chini ya majina ya marehemu wake anaowaombea. Nembo bado iko ukutani, sijaigusa, ni nyumba yake.

Sasa shida yangu. Wosia wa kapteni nimeupata, kurasa sita, mwandiko wa mthibitishaji wa mikataba, herufi zimeungana kama uzi wa sweta. Ukurasa wa nne naona neno "esclava" na baada yake jina linaloanzia na herufi ile ile ya mama yake María, halafu karatasi imekunjwa sielewi kitu. Kama kuna mtu humu anasoma Kihispania cha miaka ya 1780, walioko Hispania au waliosoma Cuba, naomba aje PM. Picha ninazo zote.