Naomba ushauri: 4,294,967,297 ni namba tasa au si tasa?

MwanaWete: Asalam alaykum jamani. Mie nafundisha twisheni ya hesabu jioni hapa Wete, watoto wa Fomu Tatu. Juzi nkawaandikia ubaoni 3, 5, 17, 257, 65,537, yaani mbili kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8, 16 halafu unajumlisha moja, zote tasa. Mtoto mmoja wa kike akauliza, na ya kipeo 32 je maalim? Nkamjibu palepale nayo tasa, mana niliona mtiririko unaenda hivyo. Usiku nkakaa na kalkuleta, namba yenyewe imejaa kioo kizima tarakimu kumi, nkaigawa kwa 3, 7, 11, 13 nkaenda mpaka nkapita mia, haikubali, na moyo haujatulia kwa sababu mpaka uufikie mzizi wake ni elfu 65 na ushei, ntagawa mpaka lini? Jumatatu wanarudi na sitaki kumwachia mtoto jibu la kubahatisha.

karafuu_mkono: Waalaykum salaam. Si tasa maalim. Igawe kwa 641 utapata 6,700,417 kamili. Usijilaumu, mwanahisabati Fermat mwenyewe aliamini namba za aina hiyo zote ni tasa, mwanahisabati mwengine, Euler, ndo akaonesha kosa mwaka 1732.

MwanaWete: Nshaigawa, kweli haibaki kitu! Lakini hiyo 641 imetoka wapi? Watanuliza.

BiHesabu: Euler alionesha kwamba kigawo tasa chochote cha namba hii ukikigawa kwa 64 lazima kibaki 1. Basi hapo huna haja ya kujaribu maelfu, unajaribu 193, 257, 449, 577, na ya tano ni 641. Tano tu kaka yangu!

Ami_wa_Konde: Na kuna njia ya mkono mtupu, hii mie naipenda sana. Waanzishe mabaki kwa saa, saa kumi ukiongeza masaa matano ni saa tatu, hilo wanalijua. Sasa saa yetu ina 641. 640 ni 5 mara 2 kipeo 7, na kwenye saa hiyo 640 ni sawa na hasi 1. Ipandishe kipeo 4, hasi inaondoka, unapata 625 mara 2 kipeo 28 ni sawa na 1. Lakini 625 ukiongeza 16 ni 641, kwa hiyo 625 ni sawa na hasi 16, na 16 ni 2 kipeo 4. Ibadilishe pale, inakuja hasi 1 mara 2 kipeo 32 sawa na 1. Hamisha upande, 2 kipeo 32 jumlisha 1 ni sifuri. Imegawika, na ile namba ndefu hujaigusa.

MwanaWete: Allah akulipe ami, nimeiandika mara tatu kwenye daftari. Jumatatu naanza na yule mtoto, nimwambie nilimjibu vibaya. Akiuliza ya kipeo 64?

BiHesabu: Nayo si tasa, inagawika kwa 274,177. Baada ya 65,537 haijapatikana tasa nyingine ya aina hiyo mpaka leo, mwambie na hilo.