Sudan baada ya Bashir: ni ugomvi wa majenerali wawili tu?

Swali: Wachambuzi wengi wanasema hii vita ni ya Burhan, mkuu wa jeshi, na Hemedti, mkuu wa RSF (kikosi cha wanamgambo), basi. Inatosha kweli?

Jibu: Haitoshi, ndugu. Aprili 2019 aliondoka Rais Bashir, mfumo ukabaki. Baraza la Utawala, la mpito, la wanajeshi na raia, lilikuwa na wajumbe 11, na wanajeshi ndio walioanza na uenyekiti, miezi 21. Mapinduzi ya kijeshi ya Oktoba 2021 yakaja kabla raia hawajaupokea.

Jibu: Naongezea fedha. RSF ilikuwa na dhahabu ya Darfur, haikutegemea hazina pekee. Makubaliano ya Desemba 2022 ya kurudisha utawala wa kiraia yaliacha kiporo muda wa kuiunganisha na jeshi: jeshi likataka miaka 2, RSF 10. Aprili 15, 2023 risasi zikaanza Khartoum.

Muulizaji: Kumbe. Wananchi wanalipia ratiba mbovu!