Naombeni ushauri: ukuta wa mimea Dodoma mjini, maji ndo shida

Wakuu habari, kuna ghorofa nne karibu na Nyerere Square, mwenye nyumba kaona picha za Bosco Verticale, yale maghorofa ya Milan, Italia yaliyopandwa miti kwenye vibaraza, basi na yeye anataka ukuta wa mbele uwe wa kijani. Nimepima jua kwenye kompyuta kwa Grasshopper na Ladybug (programu za usanifu majengo), ukuta unatazama kaskazini kwahiyo Juni Julai unachomwa mchana kutwa na ndo kipindi mvua hamna kabisa huku. Programu inanionyesha mimea minene niweke palepale panapoungua, mi naona itakauka tu. Nimejaribu ndoo tatu za alovera na bogenvilia kibarazani, upepo unakausha udongo hata saa nane mchana haifiki 😅 Aliyewahi kufunga dripu (mipira ya kumwagilia tone kwa tone) ukutani, maji ya kunawia mikono yanafaa au sabuni inaua mizizi?