Mrejesho: mkanda wa jeshi wa Mama

Ndugu zangu, narudi na mrejesho. Niliwauliza kuhusu mama yangu, miaka 68, hapa Nyalenda, Kisumu: malengelenge yalimtoka ubavu wa kushoto, yakakauka, lakini maumivu yakabaki, hata kanga ikimgusa analia.

Mliosema ni mkanda wa jeshi mlikuwa sahihi. Daktari alieleza kwamba virusi vya tetekuwanga aliyougua utotoni havikuondoka. Vilijificha kwenye mishipa ya fahamu karibu na uti wa mgongo, vikaamka uzeeni. Ndiyo maana upele hufuata njia ya mshipa, upande mmoja. Jirani alikuwa amemtisha kwamba mkanda ukizunguka ukakutana, atakufa. Si kweli, na hofu ile ilimnyima usingizi kuliko vidonda.

Kinachoniuma ni hiki: asiklovia, dawa ya kupambana na virusi hivyo, hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 tangu upele utokee. Sisi tulipoteza siku 9 tukimpaka majivu na dawa ya meno. Alipimwa Ukimwi pia, maana mkanda huweza kuashiria kinga iliyoshuka. Hana.

Sasa ni mwezi wa nne tangu upele utokee. Mishipa yenyewe iliumia, kwa hiyo paracetamoli haikumsaidia kitu. Akapewa amitriptilini, dawa ya kutuliza maumivu ya mishipa ya fahamu, miligramu 10 usiku. Wiki mbili za kwanza hatukuona tofauti, mdomo tu kukauka. Wiki ya tatu akalala hadi alfajiri! Jana alivaa blauzi, akaenda mwenyewe soko la Jubilee kununua omena.

Jioni bado humchoma kidogo. Wewe uliyenisihi tusimwachishe dawa mapema, asante sana.