Tupeane uzoefu: Katuni ya utotoni na sehemu ya pili ya filamu yake iliyokuvunja moyo

Mtoto wa Kikwajuni (mwanzisha mada)

Assalaam alaykum ndugu zangu wa Unguja na Pemba. Naomba tupeane uzoefu juu ya jambo ambalo wengine wataliona dogo, lakini mimi limenikaa moyoni tangu mwaka 2009: katuni uliyoipenda utotoni inageuzwa filamu ya mapigano, unaifurahia ya kwanza, kisha inakuja sehemu ya pili inayokuharibia hata kile ulichokuwa umekihifadhi.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 ami yangu alirudi kutoka Maskati na kanda ya video ya Transformers, ile katuni ya Marekani iliyoanza kuonyeshwa mwaka 1984. Nyumba yenye deki mtaani kwetu ilikuwa moja tu, na watoto tulijazana mkekani mpaka mwenye nyumba akakosa pa kupita. Kiingereza hatukukijua, kwa hivyo kaka mmoja mkubwa akitutafsiria kwa kubuni, na hapakuwa na wa kumkosoa. Optimus Prime, lori jekundu linalosimama likawa roboti, ndiye aliyekuwa steringi wetu, na tulimpenda kwa upole wa sauti yake kuliko kwa nguvu zake. Jioni tukitoka nje kuigiza. Devastator, lile jitu linaloundwa na magari sita ya ujenzi ya rangi ya kijani na zambarau, tuliliunda wenyewe kwa watoto sita: wawili miguu, wawili mikono, mmoja kiwiliwili, na mdogo kuliko wote, ambaye aghalabu nilikuwa mimi, akapandishwa juu kuwa kichwa. Nilianguka mara nyingi, na kovu la kwenye kiwiko ninalo mpaka leo.

Filamu ya mwaka 2007 niliipenda, hasa nilipoisikia sauti ya Peter Cullen, yule yule aliyemsemea Optimus Prime katika katuni. Ya pili, Revenge of the Fallen, ilitoka Juni 2009, nami nikaipata diski yake Disemba, wakati Unguja nzima ilipokosa umeme kwa takriban miezi mitatu. Tukachangiana petroli ya jenereta, watu wazima tisa wenye wake na watoto, tukakaa mkekani kama zamani.

Filamu ile inakaribia saa mbili na nusu. Kwamba Optimus Prime anauawa msituni si hoja, kwa kuwa baadaye anafufuliwa. Kilichoniumiza ni namna anavyopigana, hadi mwishoni anamng'oa adui yake uso kwa mikono, yeye ambaye kwetu alikuwa mfano wa kiongozi mwenye huruma. Na Devastator wetu hakuwa na rangi zake wala hakutamka neno. Alipanda piramidi ya Giza, kule Misri, akapigwa kwa silaha ya manowari, akaporomoka. Rafiki yangu, aliyekuwa mguu wa kulia zama zile, alinigeukia akauliza, "Yule ndiye sisi?" Jenereta lilizimika majina yakiwa bado yanapita, na hakuna aliyenyanyuka kwenda kuongeza petroli.

Baadaye nilisoma kwamba waandishi wa Hollywood walikuwa katika mgomo kuanzia Novemba 2007 hadi Februari 2008, wakati ule ule hadithi hiyo ilipohitaji kuandikwa, na mwongozaji Michael Bay mwenyewe alikubali kwamba mgomo uliiathiri kazi. Hilo nalielewa, lakini haliniondolei uchungu. Filamu iliingiza zaidi ya dola milioni 800, na ikapewa tuzo ya Razzie ya filamu mbaya kuliko zote za mwaka wake. Nawakaribisha nanyi mseme yenu.

Mpemba wa Wete

Waalaykum salaam kaka. Kwetu sisi ilikuwa G.I. Joe, katuni ya kikosi cha askari wa Marekani. Ndugu zetu wakubwa walitufundisha kanuni moja ya filamu zote, kwamba steringi hafi, na katuni ile haikuivunja hata siku moja: bunduki zilitoa miale ya rangi, na ndege ikilipuka rubani alikuwa ameshatoka na mwavuli. Watoto wa Marekani waliposononeka kwa kifo cha Optimus Prime katika filamu ya katuni ya mwaka 1986, watengenezaji waliuacha mpango wa kumuua Duke, kiongozi wa kikosi hicho, katika filamu ya katuni ya G.I. Joe ya mwaka 1987, wakaingiza maneno kwamba amezimia tu. Miaka hiyo moyo wa mtoto ulikuwa na mwenyewe. Kisha ikaja Retaliation mwaka 2013, sehemu ya pili ya filamu zake za waigizaji, na Duke akauawa filamu haijafika hata nusu, pamoja na karibu kikosi chake kizima. Mdogo wangu aliinuka kimya akaenda kukaa barazani. Alikuwa na miaka thelathini na mbili, na sikuona aibu yoyote kwake.

Mama wa Mkunazini

Naomba radhi, mimi natofautiana nanyi kidogo. Nilikuwa mpenzi wa kobe wanne wa katuni ya mwaka 1987, Teenage Mutant Ninja Turtles, na sehemu ya pili ya filamu yao mpya, ya mwaka 2016, ndiyo iliyowaleta hatimaye Bebop mwenye sura ya ngiri na Rocksteady mwenye sura ya kifaru, ambao niliwasubiri sana katika ile ya kwanza. Mwanangu alifurahi, nami nikafurahi kwa kumtazama yeye.

Msafiri wa Chake

Nimesoma Kairo, kwa hivyo Revenge of the Fallen iliniudhi kwa sababu nyingine. Petra iko Jordan, ng'ambo ya Sinai, lakini wahusika wanatoka huko na kurejea Giza kana kwamba wametoka Chake kwenda Wete. Zaidi ya hapo, wamo roboti wawili pacha, Skids na Mudflap, waliopewa lafudhi na mizaha ya kuwabeza watu weusi, hata wakasema wenyewe kwamba hawajui kusoma. Nilikuwa na watoto wa dada yangu chumbani. Niliizima hapo hapo.

Mtoto wa Kikwajuni

Ahsanteni nyote. Kaka wa Chake, wale pacha sikuwataja kwa sababu niliona haya hata kuwaandika. Mama wa Mkunazini, huenda tofauti yetu ni kwamba wewe ulikuwa na mtoto pembeni, na mimi nilikuwa na wale wale wa zamani. Kanda ya ami ninayo bado kabatini, imeota ukungu kidogo pembeni. Kama kuna mwenye deki inayofanya kazi, Unguja au Pemba, naomba aniambie, nitaifuata mwenyewe.